Fundi Saa Aliyekalia Mikono Yake

Wapendwa, kabla hatujaleta shukrani zetu mbele, hebu twende kidogo kwa fundi saa mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kutafutana kwa macho.

Fundi huyu alikuwa na kibanda sokoni, katika mji mmoja wa bara. Mbele ya kibanda aliweka benchi, birika la kahawa na ubao wa sataranji. Wengine mnaita chesi, ule mchezo wa kumwinda mfalme wa mwenzako. Aliupenda mno. Kwa miaka kumi alicheza kila siku, na pale kwenye benchi hakuna aliyemfunga. Lakini kila mwaka akienda mashindano ya mkoa, anatolewa siku ya kwanza. Anarudi na begi lake mgongoni, watu wa sokoni wanamwita Bingwa wa Benchi. Jina hilo lilimuuma. Ninyi hamjawahi kupenda kitu kwa moyo wote, nacho kikawakataa?

Basi Jumapili moja akasimama kanisani, akaomba mbele ya wote: "Bwana, nipe mwalimu."

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Wenzake wa pale kwenye benchi walikuwa watu wema. Fundi akisogeza kete vibaya akasema "Nirudishie," wanamrudishia. Kahawa si yake? Kivuli si chake? "Rudisha tu, Fundi!" Miaka kumi anarudishiwa, kosa lake halijawahi kumuuma.

Alhamisi moja akaja bibi mmoja, mkunga mstaafu, na saa ya mkono ya marehemu mumewe. Ilikuwa imesimama. Fundi akaifungua, akaisafisha, ikaanza kutembea. Bibi akautazama ule ubao.

"Nani anacheza hapa?"

"Mimi, mama. Karibu, usiogope, sitakukazia sana."

Mnacheka? Ngojeni. Hawajafika mbali, Fundi akasogeza malkia wake, akaachia, ndipo akaona farasi wa bibi amekaa anamsubiri.

"Aa, hiyo nirudishie, mama."

"Sirudishi."

"Hapa huwa tunarudishiana."

"Mwanangu, nimezalisha miaka thelathini na tano. Kule hakuna kurudishiana." Akamla malkia.

Alimfunga mara tatu mfululizo, mbele ya wanywaji kahawa wote. Kisha akamuuliza, "Ukifungua saa ya mteja, skrubu unaigusa kabla hujaiangalia?"

"Nitaiharibu, mama. Naangalia kwanza, hata mara mbili."

"Kumbe unajua. Basi ukija kwenye ubao, kalia mikono. Macho yakimaliza kazi yake, ndipo mkono utoke."

Alhamisi iliyofuata huyo tena. "Fundi, saa inachelewa." Fundi akaifungua, haoni kasoro. Wakacheza, akafungwa. Alhamisi nyingine, saa inachelewa. Nyingine tena, inachelewa. Na kila akiondoka bibi anamwachia kazi: aandike kwenye daftari kila hatua ya mchezo alioshindwa, aurudie peke yake. "Usinionyeshe uliposhindwa," anamwambia. "Nionyeshe ulipoanza kushindwa."

Fundi akawa anafika sokoni asubuhi, kabla hajafungua kibanda, anapanga kete na daftari lake mapajani. Mchezo mmoja anaurudia mara tano, mara sita, mpaka anapaona pale alipoanza kushindwa. Mchana anacheza amekalia mikono, mtu mzima na ndevu zake, kama mtoto anayesubiri sindano. Soko zima likamcheka. Na niwaambie ukweli, hakumpenda yule bibi hata kidogo. Akimwona anakuja, anainamia saa kama hajamwona.

Mwaka huo akaenda mkoani. Siku ya kwanza ikapita, yumo. Ya pili, yumo. Ya tatu, mchezo wa mwisho, mpinzani wake akaacha kete yake ya ngome wazi, bila mlinzi. Mkono wa Fundi ukainuka. Ukafika hewani. Akaurudisha, akaukalia. Akatazama tena, ndipo akaona kwamba akiila ngome ile, hatua mbili mbele mfalme wake amekwisha. Akaiacha. Akasogeza kete ndogo tu, ya kawaida. Jioni ile Bingwa wa Benchi alirudi na kombe.

Jumapili akalileta kanisani kushukuru. Akasimama hapo mbele, kombe mkononi. "Ndugu zangu, niliomba maombi mawili. La kwanza mlilisikia, nilimwomba Mungu anipe mwalimu. La pili nililiomba chumbani, kila Jumatano: Bwana, niondolee yule bibi."

Watu wakaangua kicheko. Bibi akainuka kwenye benchi la tatu, taratibu.

"Mwanangu, saa ile haijachelewa hata dakika. Uliitengeneza siku ya kwanza, ikapona. Ila tangu mzee wangu anitoke, ubao ulikuwa mezani na kiti chake kitupu. Na mimi nilikuwa naomba: Bwana, nipatie mtu wa kucheza naye, hata kama hajui."

Fundi akaweka kombe chini, akalia kama mtoto.

Maombi matatu, wapendwa. Mawili Mungu aliyajibu kwa Alhamisi zilezile. La tatu, lile la kumwondoa bibi, kwa rehema zake alilikalia.

Je, sisi? Tumekuja leo na mahindi, na kuku, na nyimbo, tumewashukuru wote waliotuambia "Rudisha tu." Nani amemshukuru aliyekataa? Yule mwalimu uliyemkwepa barabarani, mama mkwe asiyenyamaza, mwenzako wa kazini aliyekuambia hapa umekosea. Huenda unaomba aondoke, naye usiku anaomba asibaki peke yake.

Tumshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa moyo wote. Na kesho mmoja wao akibisha hodi, mkono wako ukiinuka kumfungia mlango, ukalie kwanza. Ukitoka tena, utoke kumkaribisha.