Upele wa Nyumba ya Mkunga

"Ajikunaye kwa siri, nyumba nzima hujikuna." Mmemsikia mama yenu akimrushia baba mdogo maneno hayo, mkaangua kicheko, na sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Lugano, funga mlango, baridi inaingia. Msemo huu haukushuka na mvua. Ulianzia hapa hapa Rungwe, nyumba ya jirani, nami nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuona na kunyamaza.

Bibi Tusekile alikuwa mkunga. Kila mtoto wa kijiji hiki aliogeshwa kwanza na mikono yake, hata mimi. Mikono ile iliheshimiwa jamani! Aliishi na mwanawe Ambilikile, mkwewe Subilaga, na mjukuu wake Lusajo. Tangu alipoachishwa ziwa, Lusajo alilala na bibi yake blanketi moja, kama desturi yetu ilivyo.

Ikaja Julai. Mnaijua Julai ya huku: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, nguo zinashinda kambani na bado mbichi. Watu wanaoga kwa kujilazimisha, na blanketi halionji jua. Lusajo akatokwa na vipele katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni. Akawa anajikuna mpaka analia.

Subilaga akampeleka zahanati, nesi akampa dawa nyeupe ya kupaka. "Huu ni upele," akamwambia. "Mjipake wote wa nyumba moja, siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, hata asiyewashwa. Nguo na mablanketi mchemshe."

Alipoyafikisha hayo nyumbani, Bibi akawaka.

"Mimi nipakwe dawa ya upele? Mimi? Upele ni wa watu wachafu, na huo umekuja nao wewe kutoka kwenu!"

Blanketi lake nalo akakataza lisiguswe. Wakapakwa mtoto na wazazi wake tu. Vipele vikakauka, halafu vikarudi. Wakapaka tena, vikarudi tena, vibaya kuliko mwanzo. Midomo ya majirani mnaijua. Ikasemwa Subilaga haogeshi mtoto, na mumewe, mjinga yule, akaamini. Lugano, tulia mwanangu, mbona unahangaika hivyo?

Mwishowe vipele vikatunga usaha. Mguu wa Lusajo ukavimba, homa ikapanda. Bibi akamwambia mwanawe, "Mrudishe kwao huyu mwanamke kabla hajaniulia mjukuu. Mtoto abaki."

Asubuhi mjomba wa Subilaga alipokuja kumchukua, mama alinituma nipeleke uji wa mgonjwa. Nikakuta kifurushi kimeshafungwa. Lusajo alikuwa mapajani kwa mama yake, anahema.

"Mama," Subilaga akamwambia mkwewe, "nakwenda. Nakuomba jambo moja tu. Akijikuna usiku, mshike mikono. Usaha ukizidi kuingia ndani, atakufa."

Lusajo akafumbua macho, akamnyooshea bibi yake mkono.

"Bibi, nikune. Na mimi nitakukuna, kama usiku."

Ambilikile akamgeukia mama yake polepole.

"Mama, unakunwa wapi?"

"Mtoto anaweweseka kwa homa," Bibi akasema, lakini mikono alikuwa ameshaificha kwenye khanga.

"Mama. Pandisha mikono ya sweta."

Alimtazama mwanawe, akamtazama mtoto na ule mguu. Kisha akapandisha mwenyewe. Loo! Kuanzia vidoleni hadi viwikoni ngozi ilikuwa imechubuka kwa kucha. Akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

"Nani sasa atanipa mtoto wake nimwogeshe? Nani?"

Nilidhani Subilaga atamtukana. Ingekuwa mimi, ningemtukana. Akamkabidhi mumewe mtoto, "Mkimbize zahanati." Kisha akafungua kifurushi chake, akatoa chupa ya dawa.

"Geuka, Mama. Nitaanzia mgongoni."

Lusajo alichomwa sindano, akapona. Mablanketi yote yakachemshwa, hata lile. Na Bibi, dawa bado inamchoma mwilini, akapita kila nyumba aliyoogesha mtoto siku za karibuni. "Nilikuwa na upele nikauficha," alisema mlangoni. "Mkagueni mtoto, na mjikague wenyewe. Ajikunaye kwa siri, nyumba nzima hujikuna." Wengine walimfungia mlango usoni. Aliustahili.

Lakini mwaka uliofuata Subilaga alijifungua binti. Wanawake tulijazana tuone atamkabidhi nani. Akamwita mkwewe. Bibi akakunja mikono ya nguo mpaka begani, akaigeuza mbele yetu sote, huku na huku, ndipo akampokea mtoto.

Ndiyo asili yake hiyo. Na wewe Lugano, tangu umekaa hapo mkono wako hautoki ndani ya sweta. Usinitazame hivyo, hakuna atakayekucheka. Lete nione, na dawa tutapaka wote, nikianza mimi. Ajikunaye kwa siri, nyumba nzima hujikuna.