Sarafu Zisizo na Mwenyewe

Eda ilipokwisha, Mwatima alikwenda kwa kadhi kudai fungu lake. Mumewe hakuacha kitu ila sarafu za kidijitali, na simu iliyozihifadhi ilichukuliwa siku ya mazishi na shemeji yake, Haji Vuai, mwenye maduka sita. Haji alikuja na wakili.

"Nchi moja inaziita mali," wakili alieleza. "Nyingine inaziita kamari. Ya tatu inasema ni namba tupu, hazina mwenyewe."

"Hiyo ya tatu ndiyo yenye akili," alisema Haji. "Namba hazirithiwi, Sheikh. Hapa hapana mali ya kugawa."

Kadhi alimgeukia Mwatima. "Nawe wasemaje, binti yangu?"

"Shemeji amesoma kuliko mimi," alijibu kwa upole. "Naomba tu aandike hivyo na atie saini, nisije nikamsumbua tena."

Haji aliandika upesi: sarafu hizi si mali, wala hazina mwenyewe.

Kesho yake alifika kituo cha polisi akihema. "Nimeibiwa! Simu ninayo, sarafu hamna!"

Mwatima alipoitwa hakukana. "Marehemu alinihifadhisha maneno kumi na mawili ya siri. Mwenye maneno hayo huzihamisha kwa simu yoyote. Nilizihamisha jana, tulipotoka kwa kadhi."

"Umesikia, afande? Mwizi huyo!"

Mwatima aliiweka mezani ile karatasi aliyoitia saini Haji. Ofisa aliisoma mara mbili, kisha akachukua kalamu.

"Haya, Mzee Haji. Niandike ameiba nini, na cha nani?"