Mbwa Aliyelishwa kwa Zamu

Mmekaa?

"Tumekaa, Bibi!"

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha kwa mama zenu?

"Tumekuja nayo!"

Basi hapo kale, kale ya wale waliowazaa waliotuzaa... Namkunda! Toa mkono wako kwenye bakuli la huyo mtoto wa mbwa. Nimekuona. Tangu asubuhi umempa ugali wako, ukampa na wa kaka yako, na sasa unammwagia maziwa. Unampenda? Najua unampenda. Ndiyo maana leo nawapa kisa hiki na si kile cha sungura mlichokizoea. Chambueni kunde huku mnasikiliza, mikono haina masikio.

Hapo kale, huko juu milimani, palikuwa na kijiji kikiitwa Kilungwi. Nyumba tisa, mazizi tisa, mbuzi wengi, na chui mmoja. Chui huyo hakuwa na haya. Leo anachukua mbuzi, kesho anachukua mbuzi, keshokutwa anakuja kuuliza kama wamebaki. Watu wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Aliyewaokoa alikuwa mbwa. Na msifikirie hawa wetu wanaopita chini ya kigoda! Huyu akisimama, mgongo wake ulifika kiunoni kwa mtu mzima. Jina lake Ngurumo, mbwa jike, mali ya mjane mmoja aliyeitwa Nakijwa. Mume alifariki, mtoto hakujaliwa, alichobaki nacho duniani ni mbuzi sita na mbwa huyo. Siku moja chui akaingia zizini kwa mkubwa wa kijiji. Ngurumo akamkabili. Wakapigana, wakapigana, mpaka chui akaondoka anachechemea. Ngurumo naye hakupona majeraha yake. Akafa, akaacha watoto wawili, ndio kwanza wameacha kunyonya.

Sasa ijueni desturi ya Kilungwi. Mtu akikutendea wema, unampelekea kata. Kata ni nusu ya kibuyu, ile ya kutekea maji. Unaijaza chakula kizuri kuliko vyote ulivyo navyo, unaipeleka mpaka mlangoni kwake. Na mwenyewe hakatai! Ukirudisha kata ya asante, ni kama umesema asante ya mwenzako inanuka. Kuna watu walinyimana salamu miaka saba kwa kata moja iliyorudishwa.

Ngurumo amekufa. Kata ya asante apelekewe nani?

"Watoto wake!"

Watoto wake. Asubuhi kata, mchana kata, jioni kata. Kata ya uji wa ulezi wenye samli, kata ya nyama yenye mafuta, kata ya maziwa mazito. Kata ikaja, kata ikaliwa. "Kula, mtoto wa Ngurumo, kula!" Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiimba.

Wale watoto, mmoja aliitwa Jitu na mwingine Baki. Jitu alikuwa na kifua cha kusukumia wenzake. Kata ikiwekwa, yeye wa kwanza, na Baki analamba kilichobaki. Jitu akakua! Ukimwona Jumatatu, Ijumaa humjui. Watu wakaja kupima naye urefu. Walifurahi, masikini, na mimi siwalaumu, kwa sababu moyo wenye shukrani hauna kipimo.

Lakini miguu ya mbele ya Jitu ikaanza kupinda. Akilala, kuinuka ni mpaka ajaribu mara tatu. Mwili ulikuwa wa mkubwa, mifupa bado ya mtoto, na mtoto akibebeshwa mzigo wa baba yake hupinda. Siku ya mavuno wakamlisha kata mbili zilizojaa pomoni, kisha vijana wakamkimbiza kilimani ili wageni waone. Tumbo likamvimba, likawa gumu kama ngoma. Akajaribu kutapika, hakuna kilichotoka. Kabla jua halijazama Jitu alikuwa amekufa.

Watu wakasema husuda. Wakasema kijicho cha wageni. Nakijwa alilia siku mbili. Siku ya tatu akafuta machozi, akamtazama Baki. Baki mwembamba, miguu imenyooka, anafukuza kuku. Nakijwa akajiuliza: huyu aliyekula masalia, mbona ndiye anayekimbia?

Wiki hiyohiyo nyayo za chui zikaonekana kisimani. Amepona, amerudi. Macho yote ya Kilungwi yakamgeukia Baki, na kata zote pia. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Senkondo, mkubwa wa kijiji, ameshika kata kwa mikono miwili, ndani yake mkia wa kondoo unaelea kwenye mafuta.

Nakijwa akapiga goti mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea mwana wa Ngurumo."

"Baba, leo sipokei."

Wajukuu zangu, mzee aliisogeza kata mbele, akadhani hakusikia vizuri.

"Hupokei? Kutoka kwangu?" akauliza mzee. "Mama yake alikufa akilinda mbuzi wangu, Nakijwa. Wangu! Nimnyime mwanawe nyama?"

"Sirudishi asante yako, baba. Narudisha mafuta."

Mzee akageuka, akaenda zake bila kuaga. Na mchana wake Nakijwa akaitwa barazani.

Huko kila mdomo ulikuwa na neno. Mchoyo! Anamkondesha mbwa aliye tegemeo letu! Jirani yake, Mama Kiondo, mwanamke mnene mwenye sauti, ana mtoto mchanga mgongoni, akasimama. Huyo Mama Kiondo mmshike vizuri, nitamrudia.

"Mbavu za mbwa huyo nazihesabu nikiwa jikoni kwangu!"

Nakijwa akamwuliza, "Mama Kiondo, huyo mwanao anakula nini?"

"Uji, anakula nini tena?"

"Mzito au mwepesi?"

"Mwepesi."

"Mara moja kwa siku, tumbo lijae?"

"Mara nne, kidogo kidogo. We Nakijwa, kwa vile hukuzaa..."

"Ndiyo, sikuzaa, ndiyo maana nauliza. Mbona humpi mkia wa kondoo?"

"Nimuue?"

"Lakini mwanao ni mkubwa wa mwili, kila mtu anasema."

"Hata awe mkubwa vipi, si bado mtoto!"

Mama Kiondo akaketi, maana alikuwa amejijibu mwenyewe. Nakijwa akasema taratibu, "Na Baki ni mtoto. Sikatai kata zenu. Tuko nyumba tisa, na yangu ikiwemo. Kila siku nyumba moja ilete kata moja, nami niigawe mara tatu. Cha kutia ndani nitawaambia."

Mzee Senkondo alikuwa bado ana kidonda moyoni. "Sawa. Lakini siku chui akija, mbwa huyo asiposimama, mbuzi wako sita tutawachukua, na wewe utarudi kwa ndugu zako."

Nakijwa hakuwa na ndugu wa kurudia, na kila mtu alijua. Akajibu, "Nimekubali."

Mwezi ukaja, mwezi ukaenda, na chui akaonekana kwa mbali tu, hajasahau meno ya Ngurumo. Kata ikaja, kata ikagawanywa. Minofu iliyochemshwa bila mafuta, yai, boga, ulezi kidogo. Mifupa iliyopikwa alikataa kabisa, maana hiyo huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Kila asubuhi Nakijwa alipitisha kiganja ubavuni mwa Baki. Asipozisikia mbavu, anapunguza. Zikionekana kwa macho toka mbali, anaongeza. Kijiji kikamcheka: "Mbwa wa Nakijwa, kamba yenye miguu!" Yeye akaendelea kupitisha kiganja.

Baki akakua polepole. Mwaka ukapita, bado anakua. Wa pili ukakaribia kwisha, na siku moja watu wakagundua kwamba mgongo wake umefika kiunoni. Hapo Nakijwa akabadilisha. "Sasa ni mtu mzima mwenye kazi. Nyama iongezwe, na ale mara mbili kwa siku." Lakini sharti moja hakulibadilisha: Baki hali kabla ya kupanda mlima, na akirudi hali mpaka apumzike. Jitu alikuwa amemfundisha hilo, na alilipa kwa uhai wake.

Asubuhi moja, mbuzi ndio wanatolewa kwenda kijitoni, ilikuwa zamu ya Mama Kiondo. Akaja mbio, jasho linamtoka, kata imejaa.

"Chui kaonekana juu ya kijito! Mpe ale upesi, apate nguvu!"

Nakijwa alitazama ile kata. Alitazama mbuzi wake sita. Wajukuu zangu, kumnyima chakula unayempenda siku ya hatari si kazi ndogo.

"Atakula akirudi."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi nitalia. Lakini haendi na tumbo limejaa."

Baki akaondoka na mbuzi. Hawajafika kijitoni, chui akaruka kutoka kwenye mawe. Baki, mwepesi, akapanda mteremko kwa mbio mpaka akawa katikati, mbuzi huku, chui kule. Akasimama. Miguu minne imenyooka. Chui akaenda kushoto, Baki yuko kushoto. Chui akaenda kulia, Baki yuko kulia. Chui akamparua bega, Baki hakurudi nyuma. Akabweka, na bonde lote likasikia sauti ya mama yake. Wanaume wakafika na mikuki, chui akaona mambo yamekuwa makubwa, akapanda mlima akavuka upande wa pili. Kilungwi hakikumwona tena.

Hakupotea mbuzi hata mmoja. Baki akarudi anahema, damu begani, na kijiji kizima nyuma yake. Mama Kiondo bado ameishika ile kata, machozi yanadondokea humo.

"Sasa?"

"Bado. Apumue kwanza."

Basi wakasubiri. Mzee Senkondo na mkongojo wake, wanaume na mikuki yao, wote wamesimama uani wanasubiri mbwa apumue! Jidonda likaoshwa. Kifua kikatulia.

"Sasa?"

"Sasa."

Vigelegele! Mzee Senkondo akamsogelea Nakijwa, akavua kofia yake. "Mwanangu, mimi nilileta mafuta nikayaita asante. Unisamehe." Nakijwa akasema, "Baba, bila kata zenu ningemlisha nini? Nina mbuzi sita tu. Asanteni nyinyi."

Je, kisa kimekwisha? Hakijaisha. Kaeni chini.

Miaka ikaenda. Baki akazeeka. Mdomo ukawa na mvi, meno yakapungua, mlimani haendi tena, watoto wake ndio wanaokwenda. Wengine waliendelea kumletea kata ya mtu mwenye kazi, akanenepa, magoti yakamuuma. Na kijana mmoja mjuaji akasema barazani, "Kwa nini tuendelee na zamu? Hafanyi kazi."

Mzee Senkondo alikuwepo, mzee wa kubebwa, jino hana hata la dawa. Akasema, "Mimi nami sipandi mlima. Mke wako ataacha kuniletea uji lini?"

Kijana akamsogezea mzee mkongojo wake.

"Lakini," mzee akaendelea, "mkinipa mkia wa kondoo leo, mtanizika kesho. Mimi nala kidogo, kilaini, kilichopondwa, nyama yenyewe bila mafuta. Mpeni Baki ninachokula mimi." Tangu siku hiyo nyumba ya Senkondo ilipika chungu kimoja, wakapakua kata mbili, ya mzee na ya mbwa.

Kisha ikafika asubuhi Baki hakuweza kuinuka. Habari ikaenda nyumba kwa nyumba. Zamu ilikuwa ya nani? Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alichukua kata yake akaenda. Wakakutana wote mlangoni, na Nakijwa, mvi tele kichwani, akatoka ndani na yake. Kata tisa! Wakaona haya, wakajua leo mama huyu atawarudisha.

Nakijwa akachungulia ya kwanza. Ndani mlikuwa na kijiko kimoja cha nyama iliyopondwa na mchuzi mwepesi. Ya pili, kijiko kimoja. Ya tatu, kijiko kimoja. Hawakuambiana, wajukuu zangu. Kila nyumba ilikuwa imepima peke yake. Akazimimina zote kwenye kata yake, na hazikumwagika. Ikawa kata moja, mlo mmoja wa mbwa mzee.

Baki akala polepole, akalamba mpaka chini, akaweka kichwa juu ya mguu wa Mzee Senkondo. Mchana akafa. Alikufa ameshiba, na kila nyumba ilikuwa imemshukuru.

Yule mtoto mgongoni mwa Mama Kiondo ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Alikunywa maziwa ya wale mbuzi. Baki asingesimama siku ile, mimi nisingekuwa hapa kuwafokea. Kwa hiyo nikimwona mbwa, nasema asante, na nikipika, namkumbuka.

Shikeni hili: kumshukuru mtu si kuijaza kata yake. Mjue kwanza, ni mtoto, ni mtu wa kazi, au ni mzee, ndipo upakue.

Namkunda, mbona unalia? Lete mkono. Pitisha kiganja hapo ubavuni mwa mbwa wako. Unazisikia mbavu?

"Sizisikii, Bibi."

Basi maziwa hayo mpe kaka yako, na jioni mbwa utampimia wewe mwenyewe.

Kisa nimekipika, mmekila. Aliyeshiba aseme asante, asiyeshiba amalize kunde. Kata nimeiosha, nimeitundika ukutani.