Njia Iliyojikunja

Sogeeni. Nikisema "Njia!" semeni "Twende!" Njia! Twende!

Hapo kale palikuwa na njia ya misafara, na kila aliyepita aliongeza jiwe kwenye lundo kando yake, akiiomba imfikishe salama. Mtu mmoja, jina lake Kalunde, akajenga hapo, akawapikia wapagazi. Wengine wakamfuata, pakawa kijiji. Wageni wakazidi, mafiga yakapungua. Kalunde akachukua mawe ya lundo.

Njia ikanena chini ya nyayo zake: "Kalunde, nirudishie mawe yangu."

"Subiri, wageni wale kwanza."

Ikanena tena. "Subiri, chungu ki jikoni."

Ikanena mara ya tatu. Kalunde akachochea kuni.

Basi njia ikainuka, ikajikunja kama mkeka, ikavuka kilima. Kalunde akakimbia na mafiga yangali moto, yakimbabua viganja, akayarudisha lundoni. "Rudi, mama, nimekosa!" Wapi! Majirani wakabomoa nyumba, wakaifuata njia. Yeye uzee haukumwachia miguu ya safari ndefu.

Hadi leo Kalunde husonga ugali wa msafara mzima, kisha husimama mlangoni, majani yakimfika kiunoni, akaita: "Njia!"

Mwitikieni basi, jamani. Huko hakuna aliyebaki wa kumjibu.