Pedali Zisizoachia Mguu

Akina mama, sogeeni mbele, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapa hapa, asitoke. Leo nawaletea mtu mwenye baiskeli.

Mji mmoja wa milimani ulikuwa na kundi la watu wanaopenda baiskeli za mashindano, zile nyembamba zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Kila Jumamosi asubuhi walipanda mlima pamoja na kuteremka pamoja. Sasa, baiskeli hizo zina pedali za namna yake. Kiatu kina kibati chini ya soli. Ukikanyaga, kibati kinaingia kwenye pedali, ka! Springi inakibana, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka huvuti mguu juu. Vuta mpaka kesho, hautoki. Unasukuma kisigino nje, pembeni, ndipo inaachia. Pedali nzuri huachia mara moja. Zile za bei rahisi huachia zikitaka.

Mwanamume mmoja wa kundi lile alinunua za bei rahisi. Hapo hana kosa, kila mtu hununua kwa uwezo wake. Kosa lake ni kwamba alizifunga kisha akawacheka wenzake mbele ya kundi zima: "Nyie mmeuza mbuzi mkanunua chuma. Chuma ni chuma!"

Wiki ile ile mvua ilinyesha, tope likaingia kwenye springi, na mguu ukagoma kutoka. Akaanguka mbele ya wauza mahindi ya kuchoma, baiskeli ikiwa imesimama kabisa. Akaanguka tena getini kwake. Mara ya tatu akaingia mtaroni. Akahangaika na skrubu ya kulegeza springi mpaka kichwa cha skrubu kikalika. Basi akaanza kuzipaka mafuta kila asubuhi, na kila alipoona njia panda aliutoa mguu mapema, mita mia nzima kabla ya kufika. Magoti akayafunika kwa suruali ndefu. Je, alimwambia mtu? Angemwambia nani, baada ya kuwacheka watu vile?

Katika kundi hilo alikuwamo mjane mmoja, mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu. Naye alitaka kununua zile za bei rahisi, akamfuata yule mwanamume.

"Shemeji, habari za pedali zako?"

"Nzuri."

"Nzuri ya kweli? Usinifanyie utani. Miguu hii ndiyo inayolisha wanangu. Nikiumia, cherehani inalala na sisi tunalala njaa."

"Shemeji, nzuri sana! Zinabana kidogo siku za kwanza. Utazoea."

Hebu litazameni hilo. Hata kama aliona haya kusema kwamba ameanguka, si angemwambia apake mafuta? Si angemwambia atoe mguu mapema? Alikuwa na maneno mawili ya kumwokoa mwenzake, akampa neno la kujiokoa mwenyewe.

Mjane akanunua. Siku ya kumi na moja, wakiteremka kuingia mjini, lori la ndizi likasimama ghafla mbele yake. Akashika breki, baiskeli ikasimama vizuri kabisa. Akasukuma kisigino nje. Wapi! Akasukuma tena. Watu waliokuwa kando ya barabara wakaona mama mzima juu ya baiskeli iliyosimama, anayumba huku na huku, wakaanza kucheka.

"Mama, shuka! Umefika!"

"Siwezi!"

Wakacheka zaidi. Akaenda chini kwa ubavu, polepole, kama gunia linaloteremshwa, mguu wa kulia bado umebanwa, uzito wake wote na wa baiskeli ukaja juu ya kifundo. Kicheko kilikatika waliposikia mlio wa mfupa. Ikabidi wafungue mikanda ya kiatu na kuutoa mguu ndani yake, maana kiatu chenyewe kilikataa kutoka kwenye pedali.

Hospitalini yule mwanamume alikuja na machungwa. Akakaa pembeni ya kitanda.

"Shemeji," mgonjwa akamwambia, "zako zimewahi kukugomea?"

Akayatazama machungwa. "Mara tatu."

"Mara tatu! Nawe ukaniambia nzuri?"

"Ningesemaje? Nilishawacheka watu."

"Kwa hiyo ulitunza uso wako kwa mguu wangu. Daktari amesema kifundo hiki hakitakunjika tena kama zamani. Cherehani nitaikanyaga kwa nini? Kwa kiwiko?"

Mwanamume akalia. Najua mngependa niishie hapo. Mwongo amelia, tumsamehe, twende tukapike. Mfano haujaisha.

Akaingia mtu wa tatu, mwanamke wa kundi lile lile, mwalimu wa chekechea mwenye utani mwingi.

"Pole jamani! Nimesikia baiskeli ilisimama, wewe ukaendelea. Hiyo kali! Ulianguka au ulilala?" Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti. "Lakini mwenzangu, niambie. Na mimi nataka kununua zile zile. Habari zake?"

Mgonjwa akautazama mguu wake kwenye plasta. Akamtazama yule mwanamume. Uso ukamwaka kwa aibu. Akasema:

"Nzuri. Pedali hazina shida. Ni mimi tu sikuzizoea."

Na yule mwanamume aliyekuwa analia sasa hivi? Alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya.

Yule wa tatu alitoka pale akaenda dukani.

Mnaguna. Mnamgunia nani?

Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa habari, kwanza unajibu nzuri, hata kama kuna maiti ndani. "Nzuri, ila mzee ametutoka." "Nzuri, ila mtoto amelazwa." Adabu hiyo haina dhambi, kwa sababu ile ila inafuata. Na kasoro ya kitu tunaiitaje? Tunaiita ila. Neno ni hilo hilo. Siku hizi nzuri tunaitoa, na ila zetu tunazimeza.

Jirani amerudi kutoka kazi za ndani ng'ambo, tukamuuliza kazi ikoje, akasema nzuri, na mdogo wake akapanda ndege. Mwingine ameungua uso kwa krimu ya kujichubua, akasema ni jua tu, na kopo lile lile liko kabatini kwa binti yake. Hapa mbele tunasimama kutoa ushuhuda mwaka mzima, na kwa kuusikiliza ushuhuda wetu, katika kanisa hili hakuna mke anayepigwa hata mmoja. Kweli?

Na tukivunjika wazi, mbele za watu, tukashindwa kuficha, tunajisingizia wenyewe ili kilichotuvunja kibaki na jina zuri. "Ni mimi nilimjibu vibaya." "Ni mimi sina uvumilivu." Tunaita huko kusitiri. Tunamsitiri nani? Anayekuja nyuma hasitiriki. Anavunjika pale pale tulipovunjika sisi, na anadhani ni wa kwanza.

Kuanguka si dhambi, mama zangu. Mimi naogopa siku tutakayoulizwa habari za yule wa tatu.

Binti yetu aliyekaa karibu na dirisha anaolewa Jumamosi. Wiki hii yote amepita kwa akina mama wa kanisa hili, nyumba kwa nyumba, akiuliza ndoa ikoje. Nilimuuliza amejibiwa nini. Amepita nyumba kumi na sita, zote zimemjibu nzuri. Nawajua walio katika nyumba hizo kumi na sita. Wengine nimewafunga bandeji kwa mikono hii.

Tusisimame kuimba bado. Leo ni Alhamisi, na yeye yuko hapa, anatusikiliza. Nani anaanza?