Wimbo Uliolaza Baraza

Zamani!

— Ilikuwepo!

Nani aliiona?

— Aliyekuwa macho!

Haya, basi kaeni macho. Pukuchueni mahindi huku mkisikiliza, na wewe Mbazi usiegemee ukuta, nakujua.

Zamani, milima ilipokuwa bado inapewa majina, palikuwa na vijiji viwili kwenye mteremko mmoja. Juu paliitwa Itambwe, chini paliitwa Sheghe. Chemchemi ilikuwa moja, na mfereji mmoja uliyashusha maji kutoka juu kuja chini. Wa juu wakila ndizi, wa chini wakila ndizi, na hakuna aliyeuliza maji ni ya nani.

Ukaja ukame. Chemchemi ikapungua, ikapungua, hadi mbuzi akinywa, ng'ombe anangoja. Wanaume wa Itambwe wakaziba mfereji kwa udongo na mawe. Wa Sheghe wakapanda na marungu. Kabla damu haijamwagika, Mkuu Mbonea, aliyetawala milima yote, akawaita barazani.

Akawaambia, "Babu zenu walichimba mfereji huu kwa agano. Nileteeni maneno ya agano hilo. Atakayenidanganya nitamwondoa kwenye maji kabisa, ahamie nyikani akalime vumbi."

Wazee wa Itambwe wakasimama. Wakataja mababu: fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Wa Sheghe wakasimama. Wakataja fulani akamzaa fulani. Majina wanayo mengi, watoto wangu. Agano, hakuna.

Mkuu akasema, "Rudini nyumbani mkatafute. Kesho nahukumu."

Sasa, msemaji wa Itambwe alikuwa Mzee Kiariro, mwenye sauti ya kutisha nyani shambani. Mkewe aliitwa Nakunda. Siku hizo mwanamke hakukaa barazani. Alisimama nyuma ya ua wa matete, akasikia, akaenda zake kuteka maji. Nakunda alikuwa amesimama hapo na wenzake, na alichosikia kilimshangaza.

Alipomwekea mumewe chakula, akamuuliza, "Baba Tenga, mbona leo mlihangaika vile? Agano si lipo?"

"Lipo wapi?"

"Kwenye wimbo wa kubembelezea watoto."

Kiariro akacheka hadi ugali ukamkwama. "Ule wimbo? Mama Tenga, ule naujua tangu sijaota meno."

"Uimbe."

Mzee akakohoa, akaimba:

*Nyamaza, mwana, nyamaza,*
*ukungu umeshatanda,*
*mbuzi wetu wamelala,*
*na kuku wameshapanda.*

Akaimba ubeti mwingine, wa fisi aliyepita njia. Kisha akanyamaza.

"Halafu?" Nakunda akauliza.

"Halafu umeisha."

"Haukuisha, mume wangu. Ulilala."

Kiariro akaweka tonge chini. Nakunda naye akamtazama, na hapo ndipo akaelewa jambo ambalo wanawake wote wa mlimani hawakulijua. Miaka yote walidhani wanaume wanaujua ule wimbo. Si waliimbiwa? Kila mmoja aliimbiwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kufika mwisho wake akiwa macho.

"Haya, niambie mwisho wake," Kiariro akasema. "Maji ni yetu?"

"Nikikuambia wewe, kesho Sheghe watasema umeyatunga. Nitaimba barazani, wote wasikie."

"Mwanamke barazani! Nitaficha wapi uso wangu?"

"Ufiche nyikani, baba Tenga. Huko utapata nafasi kubwa."

Kesho yake Kiariro akasimama mbele ya Mkuu, akasema kwa sauti ndogo ambayo nyani wasingeijua, "Mkuu, agano analo mke wangu."

Baraza likavuma kama mzinga. Mzee Lukio, msemaji wa Sheghe, akasema, "Kiariro, umeishiwa mababu sasa unaleta mama?"

Mkuu akainua mkono. "Aingie."

Nakunda akaingia. Akasema, "Mkuu, naomba mtoto. Bila mtoto mkononi, maneno hayaji." Akaletewa mjukuu wake, akaanza kuimba.

Ukungu ukatanda. Mbuzi wakalala. Fisi akapita. Jamani, wale wazee walikuwa wamegombana siku nyingi bila usingizi! Lukio akainamisha kichwa. Kiariro akaegemea mkongojo. Mkuu Mbonea kidevu kikashuka kifuani, kikatua. Nakunda alipomaliza, mtoto alikuwa amelala, na baraza zima lilikuwa limelala. Waliobaki macho ni wanawake nyuma ya ua, nao wameziba midomo kwa khanga wasicheke.

Wewe Nambike, wanawake wa siku zile walivaa ngozi? Haya, waliziba kwa ngozi. Pukuchua mahindi.

Mkuu akashtuka. "Ehe! Agano linasemaje?"

"Nimeshasema, baba."

"Rudia."

Akarudia. Wakalala tena, na safari hii Lukio akakoroma.

Nakunda akawaamsha. "Baba zangu, anayebebwa hulala. Anayebeba halali. Nyinyi, simameni mbebe."

Wanawake wakapita kwenye ua na watoto wao. Hawakuangalia huyu ni wa juu au wa chini. Walimpa mzee yeyote aliyekuwa karibu. Kiariro akajikuta amebeba mtoto wa Sheghe. Lukio akabeba wa Itambwe. Mkuu Mbonea akapewa mtoto mnene mmoja, hakuna aliyejua ni wa juu au wa chini, naye akamlowesha mara moja. Mzee akikaa, mtoto analia. Basi wakazunguka, baraza zima linazunguka, na Nakunda akaimba. Ukungu ukapita. Fisi akapita. Na wanaume wakasikia kisichowahi kusikika:

*Namwai, bibi wa juu,*
*alisikia mwambani*
*maji yakilia huu,*
*akayaita: tokeni!*

"Wa juu!" Kiariro akapiga kelele. "Mmesikia! Namwai ni wetu! Inatosha, mama Tenga, kaa chini, tumeshinda!"

Itambwe wakashangilia. Lukio akasimama kama aliyemwagiwa maji. Na Nakunda akakatiza wimbo.

Sikilizeni hapa. Angekaa, mumewe angempenda, kijiji kingemchinjia mbuzi, na watu wa chini wangefunga mizigo yao kwenda nyikani. Beti zilizobaki hakuna mwanaume pale aliyezijua. Akamtazama mtoto mikononi mwake. Macho yalikuwa wazi.

"Mtoto hajalala," akasema. Akaendelea.

*Mwamba ulipokataa,*
*bibi wa chini, Nanzia,*
*akauchoma kwa kaa,*
*jiwe likajiachia.*

Hapo hakuwa peke yake tena. Wanawake wa Sheghe walikuwa wakiimba naye, neno kwa neno, kwa maana na wao walibembeleza kwa wimbo huohuo. Wakamalizia pamoja:

*Asubuhi maji juu,*
*alasiri maji chini,*
*na mfereji ni huu,*
*usizibwe asilani.*

Mtoto akalala. Hakuna mwingine aliyelala.

Mkuu Mbonea akawatazama Kiariro na Lukio, kila mmoja amembeba mtoto wa mwenzake. Akasema, "Agano nimelisikia. Zibueni mfereji. Na huu ua wa matete ung'oeni, ndio uliotuchelewesha."

Kiariro alirudi nyumbani. Alikaa mlangoni hadi alasiri, maji yalipoanza kushuka kwenda kwa wenzao.

"Umenichukulia nusu ya maji," akasema.

"Na nimekuokoa na nyika yote. Ungepewa maji kwa ubeti mmoja, mume wangu, kisha watu wa chini wangeimba zilizobaki, na Mkuu angesema umemdanganya."

Akafikiri. Kisha akasogea karibu. "Mama Tenga, hebu niimbie tena. Safari hii nitajitahidi."

Akamwimbia. Mzee alifika kwenye fisi, akakoroma.

Tangu hapo, hakuna mzee aliyekaa kwenye baraza la milima ile kabla hajabeba mtoto na kuuimba wimbo hadi mwisho, na wanawake wakimsikiliza kama amekosea. Na wao wanawake walikaa mbele, mahali ulipokuwa ua.

Basi shikeni neno langu: aliyelala kabla ya wimbo kwisha, asiseme wimbo ulikuwa mfupi. Amuulize mama yake.

Zamani!

— Ilikuwepo!

Nani aliiona?

— Aliyekuwa macho!

Mbona sauti moja imepungua? Mbazi! Haya, Nambike, mwamshe kaka yako, umwimbie mwisho.