Ngiri Aliyekataa Kupanda Juu ya Paa Lake

Paukwa.

Pakawa.

Niwape hadithi?

Tupe. Tumbo limeshiba, sikio bado lina njaa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga kama sisi, alikuwako Ngiri. Ngiri alikuwa na mke aitwaye Sikudhani, watoto watatu wachanga, na mama mkwe. Mama mkwe huyo, Bibi Tabu, nyumba yake ilitazamana na ya Ngiri, mlango kwa mlango. Kila mtu Mungu humpa mzigo wake. Wengine huwekewa karibu.

Watoto walipozaliwa, Bibi Tabu alivuka ua akasema, "Ngiri, baba, wajukuu wangu hawatalelewa dimbwini. Ezeka nyumba. Tone moja likimwangukia mtoto, namchukua binti yangu na wanawe."

Ngiri akamwita fundi Mnana. Mnana ni ndege mdogo, lakini kwa kuezeka hana mpinzani. Akakata nyasi, akazikausha. Akaanza chini upenuni, akapanda safu juu ya safu mpaka kileleni, akazifunga kwa kamba za magome. Alipomaliza akasema, "Paa kama hili huishi miaka saba. Ila kila msimu ukipita, panda juu ulitazame."

Maneno ya mwisho aliyasikia mbu. Ngiri alikuwa ameshaondoka, mkia wima, anakitangazia kijiji kizima: "Miaka saba."

Kikaingia kiangazi, akaja Jua. Jua wa mwaka ule hakuwa na adabu. Alikaa juu ya paa tangu asubuhi hadi jioni, kama mgeni asiyejua kuaga. Kamba zikakauka, zikakatika. Hata Jua mwenyewe akaona haya.

"Ngiri," akasema, "kamba zako tatu zimekatika. Sikukusudia, ndiyo kazi yangu. Panda ufunge nyingine."

Ngiri akatazama juu. Kisha akatazama ng'ambo ya ua, ambako Bibi Tabu alikuwa kizingitini akichambua mboga. Akafikiri. Mtu akipanda paa, makalio hutangulia kuonekana. Na makalio ya mkwe hayaonyeshwi mama mkwe. Ni mila, wala si mila ndogo.

"Siwezi," akasema. "Nina mkwe. Na fundi alisema miaka saba."

Sikudhani akamwambia, "Baba watoto, kila siku unakimbia mbele ya mama mkia juu kama bendera. Makalio gani unayoyaficha?"

"Nikikimbia nina safari," akajibu Ngiri. "Nikipanda ni utovu wa adabu."

Mtu akipata sababu nzuri ya kutofanya kazi, huitunza kuliko mali. Nami simcheki. Ninazo zangu nyumbani.

Kiangazi kikapita, akaja Upepo. Akapita pale kamba zilipokatika, akaingiza vidole, akanyanyua nyasi, akapiga mluzi. Alipochoka akasema, "Ngiri ndugu yangu, nimeondoka na tita moja. Sikuiba, halikuwa limefungwa. Panda uweke jingine."

Ngiri akatazama juu. Akatazama ng'ambo. Bibi Tabu alikuwa anaanika mtama.

"Siwezi. Nina mkwe. Na fundi alisema miaka saba."

Upepo akaenda zake, yakaingia masika, akaja Mvua. Mvua hakuhangaika kutafuta njia. Aliingia palipotoka tita la nyasi.

"Hodi," akasema.

"Nani huyo?" akauliza Ngiri.

"Mimi. Nilidhani mmeniachia mlango."

Tone la kwanza likamwangukia Ngiri puani. Akasema ni jasho. Tone la pili likaangukia chungu cha uji. Akasema uji ulikuwa mzito. Tone la tatu likamwangukia kitinda mimba kichwani, na mtoto akalia.

Bibi Tabu alikisikia kilio. Alivuka ua, akawakusanya wajukuu. "Sikudhani, twende," akasema, nao wakaenda.

Ngiri akakimbia mvuani hadi kwa Mnana. "Fundi, ulisema miaka saba. Hata mmoja haujatimia."

Mnana alikuwa anasuka kiota chake, wala hakuacha. "Nyanya yako aliishi miaka mingapi?"

"Mingi sana."

"Mlikuwa mkimpa chakula?"

"Kila siku."

"Na akiumwa?"

"Tulimtibu."

"Haya," akasema Mnana, akaendelea kusuka.

Ngiri akarudi. Mvua alikuwa amepumzika kidogo. Nyumba ilikuwa kimya, uji umepoa, na ng'ambo ya ua alisikia mwanawe mmoja akikohoa. Akavuka, akapiga magoti mlangoni kwa Bibi Tabu.

"Mama, nataka kupanda. Lakini mila."

"Kwa hiyo msimu wote huu wajukuu wangu walikuwa wanangoja makalio yako?"

"Ni heshima, mama."

Bibi Tabu akashusha pumzi. "Lile tundu nililiona tangu siku ya Upepo. Nikasema, mama mkwe hasemi habari za paa la mkwe wake. Nayo ni mila. Tazama basi, baba, adabu yako na yangu zimemlowesha mtoto."

Akachukua kigoda, akakiweka katikati ya ua, akakaa akiwapa mgongo nyumba na mwenye nyumba. "Mimi natazama kichuguu kile," akasema. "Panda."

Ngiri akapanda. Kijiji kikaja kutazama, maana kijiji si mama mkwe wake. Sikudhani akarusha nyasi. Bibi Tabu akapitisha kamba juu ya bega lake, bila kugeuka.

"Kamba."

"Nimeipata, mama."

"Kaza."

"Nimekaza, mama."

Wako wanaosema aligeuka mara moja. Mimi sikuwepo.

Mchana Mvua akarudi na nguvu zake zote. Bibi Tabu akaingia nyumbani kwa Ngiri, akalala chali na wajukuu watatu kifuani, akakodoa macho juu akingoja tone. Akangoja. Akangoja. Wakasikia anakoroma. Sikudhani akanyata, akabandika uji mwingine.

Paa lile liliishi miaka tisa, nalo likafa kwa uzee, si kwa kuuawa.

Basi, wasikilizaji, Jua ana kazi yake, Upepo ana yake, Mvua naye ana yake, wala hakuna anayetuchukia. Kazi ya kupanda ndiyo yetu. Na heshima inayomlowesha mtoto, igeuzeni kidogo itazame kichuguu.

Hadithi imefika kileleni, nami nashuka. Ikiwafaa, ni yenu. Isipowafaa, nirudishieni, nina watu wengine wa kuwasimulia.